Injini ya nitro ya sentimita 3.5 za ujazo: chuma kizuri, maelekezo mabaya

Injini ninayoitathmini hapa ni ya daraja linaloitwa .21, yenye ujazo wa sentimita 3.5, ambao ndio ukomo wa juu unaoruhusiwa na IFMAR, shirikisho la dunia la mbio za magari ya rimoti, kwa bagi, yaani magari ya rimoti ya kuendeshwa kwenye vumbi, za kipimo cha 1/8. Nimekwisha kuichomea lita 12 za mafuta, na kwa kuwa tangi la bagi hizo halizidi sentimita 125 za ujazo, hesabu hiyo ni sawa na tangi 96 zilizojazwa na kumalizwa. Jina la kiwanda nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu lawama yangu kubwa inaiangukia karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi, na karatasi za namna hiyo nimezikuta pia katika maboksi ya viwanda vingine. Injini yenyewe ni nzuri. Anayefuata karatasi yake neno kwa neno ndiye atakayekosa kuujua uzuri huo.

Nilipoigeuza flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, kwa mkono kwa mara ya kwanza, ilizunguka kwa ulaini mpaka pistoni ilipokaribia kilele cha mwendo wake, kisha ikakwama kabisa, kana kwamba kuna kitu kimetumbukia ndani ya silinda. Mtu asiyezizoea injini hizi angedhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe mkwamo huo ndio dalili ya kwanza kwamba waliochonga silinda walikuwa waangalifu. Injini hii haina ringi. Pistoni yake ni ya aluminiamu yenye silikoni nyingi, nayo hupanda na kushuka ndani ya slivu, yaani bomba la ndani la silinda, ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na slivu hiyo imechongwa ili tundu lake liwe jembamba kidogo juu kuliko chini. Injini inapopata moto, shaba hupanuka zaidi kuliko pistoni, tena hupanuka zaidi kule juu kwenye mwako kuliko kule chini kunakopozwa na mafuta mapya yanayoingia, na wembamba ule hutoweka kiasi cha kubakiza nafasi ya utando wa oili tu. Ndiyo kusema vipimo vya injini hii vilikusudiwa kuwa sahihi inapokuwa na joto la nyuzi 100 hivi za sentigredi. Inapokuwa baridi, kila mara pistoni inapofika juu hujibana, na anayelipia mbano huo ni mkono wa pistoni pamoja na bushi zake, maana ndio unaolazimika kuisukuma pistoni mahali pasipoitosha na kuivuta itoke, mara maelfu kwa kila dakika.

Baada ya kuyaelewa hayo, msomaji ataona mara moja tatizo la karatasi ile. Ili kuizoesha injini mpya, yaani kuiendesha kwa upole mwanzoni hadi sehemu zake zikae sawa, inaagiza iwashwe ikiwa baridi, sindano ya kasi ya juu, yaani skrubu ya kabureta inayopima mafuta, ifunguliwe hadi mafuta yawe mengi kupita kiasi, kisha gari liwekwe juu ya kigoda na injini iachwe ingurume mahali pamoja kwa tangi tatu nzima, huku mwenyewe akihakikisha joto halivuki nyuzi 70. Huo ni ushauri uliozifaa injini za zamani zenye pistoni ya chuma ndani ya silinda ya chuma, ambazo zilihitaji kusuguana taratibu kwa muda mrefu hadi zilingane. Kwa slivu ya shaba iliyochongwa kwa mteremko, kuinyima joto ni kuitesa. Injini yangu ya kwanza ya daraja hili niliizoesha hivyo kwa utiifu mkubwa, nikikaa pembeni yake mchana kutwa na moshi machoni, na kabla ya lita ya nne mbano wa juu ulikuwa umekwisha na bushi ya chini ya mkono wa pistoni ilikuwa na ulegevu unaosikika kwa kidole. Nililaumu kiwanda wakati huo. Leo ninajua kwamba niliimaliza mwenyewe.

Hii ya sasa niliizoesha kwa joto. Nilianza kwa kulitoa gamba la gari, nikaifunika nusu ya kichwa cha silinda kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni ili mapezi yasipoze kupita kiasi, nikakielekezea kichwa hicho kikausha nywele mpaka kipimajoto cha miale kiliponionyesha nyuzi 80 pembeni mwa plagi. Ndipo nilipoliweka gari juu ya sanduku la kuwashia, ambalo gurudumu lake huizungusha flaiwili. Tofauti na ile iliyotangulia, ambayo ilikuwa ikilisimamisha gurudumu la sanduku kila pistoni ilipofika juu, hii ilipita kileleni bila kugugumia na ikashika moto katika sekunde chache. Magurudumu yakiwa hewani, niliiacha ingurume huku nikiipandisha na kuishusha kwa vipindi vifupi, bila kuiacha ipige kelele za juu, kwa sababu injini isiyo na mzigo hufikia mizunguko ya hatari kwa kufumba na kufumbua. Mchanganyiko niliuacha na mafuta mengi kidogo, lakini joto nililishikilia kati ya nyuzi 95 na 105, nikiiongeza au kuipunguza ile karatasi ya aluminiamu kila lilipopotoka. Tangi lilipokaribia kwisha niliizima, nikaizungusha flaiwili hadi pistoni ikawa chini kabisa, nikaiacha ipoe mpaka ikawa haina joto la kuhisiwa kwa mkono, kisha nikaanza upya.

Hatua hiyo ya kuishusha pistoni karatasi haiitaji hata mara moja, nami naihesabu kuwa kosa kubwa kuliko mengine yote iliyo nayo. Slivu inapopoa husinyaa, na kama pistoni imeachwa juu huibana kwa nguvu, ikapoteza mbano uleule ambao mnunuzi ameulipia. Mimi niliweka alama ya wino mweupe kwenye flaiwili, tena siku hiyohiyo nilipoifungua injini, ili nijue pistoni iko wapi bila kukisia. Karatasi inakosea pia namna ya kuzima, kwani inasema bomba la mafuta libanwe. Kufanya hivyo wakati wa kuizoesha kunaifanya injini imalizie kwa mchanganyiko wenye mafuta haba kabisa, yaani bila oili, ikiwa na moto na ikiwa bado haijakaa sawa. Kuziba tundu la ekzosi kwa kitambaa kinene kunatosha, na hakuna kinachodhurika isipokuwa kitambaa.

Baada ya tangi tatu za namna hiyo nililishusha gari chini na kuliendesha kwa nusu ya kasi, kwa misukumo mifupi, nikiipunguza sindano ya juu kwa sehemu ya nane ya mzunguko baada ya kila tangi. Tangi la nane lilipokwisha, yaani lita moja kamili, injini ilikuwa ikizunguka kwa mkono bila kukwama ikiwa na moto, na ikiwa baridi bado ilikuwa ikishika kileleni kwa ukakamavu wa kutosha. Hiyo ndiyo hali ninayoitafuta. Mbano ukitoweka kabisa mwishoni mwa kuzoesha, kitu fulani kimeliwa ambacho hakikupaswa kuliwa.

Kuhusu mafuta, nilitumia tangu mwanzo yaleyale niliyokusudia kuendelea nayo, yenye nitromethani asilimia 25 na oili asilimia 12, sehemu ya oili hiyo ikiwa ya mbarika. Wapo wanaonunua mafuta maalumu ya kuzoeshea yenye oili nyingi zaidi, nami sina ugomvi nao, ila wajue kwamba wakibadili mafuta baadaye watalazimika kuzirekebisha sindano upya. Inafaa kueleza kwa nini sindano zina uzito huo katika injini za nitro. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Methanoli huhitaji kilo 6.5 hivi, nitromethani, kwa kuwa inabeba oksijeni yake yenyewe, huhitaji kilo 1.7 tu. Kwa hiyo injini hizi hunywa mafuta mengi mno kwa ukubwa wake, na mafuta hayo ndiyo yanayoipoza kwa ndani na ndiyo yanayobeba oili yote inayoilainisha, maana hakuna oili nyingine popote. Anayeibana sindano ili apate kasi anapunguza vyote vitatu kwa pamoja: mafuta, ubaridi na ulainisho. Injini kama hiyo huenda vizuri ajabu kwa dakika mbili.

Kabureta ni sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Sindano ya kasi ya juu na ile ya mwendo wa chini hugeuka kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho, hazilegei kwa mtikisiko, na mabadiliko ya sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko yanasikika sikioni na kuonekana kwenye kipimajoto. Mwendo wake wa chini niliupima kwa njia ya kawaida ya kulibana bomba la mafuta injini ikiwa imekwisha kuzoeshwa na ina moto wake: ikizimika papo hapo mafuta ya chini ni haba, ikidumu kwa muda mrefu huku mzunguko ukipanda ni mengi kupita kiasi, na hii baada ya marekebisho inadumu sekunde tatu hivi, ikipanda kidogo tu kabla ya kufa. Joto la kazi nimeliweka kati ya nyuzi 105 na 115. Hata hivyo, nambari ya kipimajoto si hakimu wa mwisho, kwa sababu hubadilika kulingana na hali ya hewa na uwazi wa gamba la gari. Ninaangalia kwanza kama kuna mstari wa moshi wa buluu hafifu ninapoongeza kasi, kisha ninaitoa plagi na kuitazama nyaya yake. Ikiwa inang'aa na ina unyevunyevu, niko salama. Ikiwa imefifia rangi ya kijivu na imepinda, niliibana mno.

Plagi iliyomo ndani ya boksi ni ya joto zaidi kuliko inavyofaa kwa mafuta ya asilimia 25, na niliibadilisha kwa ya baridi zaidi baada ya kuzoesha. Si kasoro kubwa, kwa kuwa plagi ni kitu cha kuliwa. Uzi wake mwembamba una platinamu, na ni mgusano wa platinamu hiyo na mvuke wa methanoli unaoifanya iendelee kuwaka hata baada ya kiwashio cha volti 1.5 kuondolewa. Uzi ukishachafuka au kulegea, injini huzimika kwenye kona bila sababu inayoonekana, na mwenye gari huanza kuzigusa sindano ambazo hazikuwa na kosa. Ninabadilisha plagi kwanza, ndipo ninaposhika bisibisi.

Katika lita ya tatu nilipata tabu iliyonichukua siku nzima. Injini ilikuwa ikibaki na mizunguko ya juu kila nilipopunguza kasi, ikichukua sekunde kadhaa kabla ya kushuka, na siku hiyo plagi ilikuwa mpya kabisa. Niliongeza mafuta ya chini, ikatulia. Ikapata moto, ikarudia. Niliongeza tena, ikaanza kuzama katika mafuta na kutema matone kwenye ekzosi, huku bado ikikataa kushuka. Mwishowe niliifungua kutoka kwenye gari, nikaziba ekzosi na mdomo wa kabureta, nikaitumbukiza katika beseni la maji na kupuliza kwa bomba la mafuta. Mapovu yalitoka kwenye shingo ya kabureta. Pete ya mpira iliyokuwa pale ilikuwa imekatika upande mmoja, pengine tangu ilipofungwa, na hewa ilikuwa ikiingia bila kupitia sindano yoyote. Pete mpya na kipande kidogo cha silikoni ya kuzibia vilimaliza tatizo lililoninyang'anya tangi sita. Kwa injini inayojinasibu kuwa ya mashindano, pete hiyo ilipaswa kukaguliwa, na tangu hapo kila injini mpya ninaipitisha kwenye beseni kabla ya kuiwasha, jambo ambalo halichukui hata robo saa. Ukishamaliza, ni lazima uipashe moto, uikaushe na kuitia oili mara moja, la sivyo maji yatafanya uharibifu mbaya kuliko ule uliokuwa ukiutafuta.

Chujio la hewa lililokuja na injini ni sifongo moja nyembamba, na kwa gari la vumbi sikulitumia hata mara moja. Vumbi linaloingia hapa huchanganyika na oili likawa msasa, na msasa huo hupita kwenye beringi, kwenye bushi na kwenye slivu kabla ya kutoka. Nimeweka chujio la tabaka mbili, la nje lenye vitundu vikubwa na la ndani lenye vitundu vidogo, lililolowekwa oili nzito ya chujio na kukamuliwa hadi rangi yake ienee sawasawa, na shingo yake nimeikaza kwa mkanda wa plastiki. Ninaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kila baada ya siku moja ya kuendesha, linakauka kabisa, kisha ninalipaka oili tena. Petroli haifai kulioshea, kwani hulegeza gundi inayoshikilia tabaka.

Nikimaliza kuendesha, ninalimwaga tangi, ninaiwasha injini mara ya mwisho mpaka inywe kila tone lililobaki kwenye mabomba, kisha ninatia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi na kuizungusha kwa sanduku kwa sekunde chache. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na mabaki ya mwako wa nitromethani yana asidi. Viwili hivyo vikilala pamoja ndani ya injini wiki moja tu, beringi ya nyuma huanza kutu. Pistoni huachwa chini, kama kawaida. Hapa karatasi inatoa sentensi moja tu, nayo inasema injini "ihifadhiwe mahali pakavu." Mahali pakavu hapasaidii kitu ikiwa unyevu umekwisha kuingia ndani. Na kwa kuwa nimeigusa methanoli, niseme pia kwamba ni sumu kwa kunywa na hupenya ngozini, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi, hivyo anayejaza tangi injini ikiwa na moto awe mbali na kiwashio na asiamini macho yake peke yake.

Beringi ya mbele, ya milimita 7 kwa 19 kwa 6, bado ni ileile na haivuji. Ya nyuma, ya milimita 14 kwa 25.4 kwa 6, niliibadilisha katika lita ya 9, baada ya kusikia mkwaruzo mwepesi nilipoizungusha krenkishafti bila plagi. Nyumba yake ndani ya kabati la injini, yaani mwili wake wa nje, imechongwa kwa usahihi wa kupendeza: kwa kulipasha kabati moto katika oveni hadi nyuzi 150, beringi ya zamani ilidondoka yenyewe kwa kugongwa mara moja juu ya ubao, na mpya iliingia bila kulazimishwa. Nimewahi kufungua injini ambazo beringi yake ilitoka na vipande vya aluminiamu, kwa hiyo ninaposema usahihi wa kupendeza ninajua ninailinganisha na nini. Vipuri navyo si shida, kwa kuwa vipimo vya beringi ni vya kawaida katika daraja hili na kichwa hupokea plagi za aina inayopatikana kote.

Mkono wa pistoni nao niliuangalia wakati huohuo. Bushi ya juu haikuwa na ulegevu wowote, na ya chini ilikuwa na ule mdogo tu unaotarajiwa, nikaamua kuurudisha. Slivu ilikuwa na rangi ya asali iliyoachwa na oili ya mbarika, kromu yake ikiwa nzima pande zote, bila mstari wa wima hata mmoja. Katika lita ya 12, ikiwa baridi, flaiwili bado husita kileleni inapozungushwa kwa kidole gumba. Ikiwa na moto hupita bila kusita.

Kwa hiyo ningeipendekeza kwa mtu aliyekwisha kuiendesha na kuizoesha angalau injini moja kabla ya hii, mwenye kipimajoto na chujio lake mwenyewe, na anayekubali kununua pete ya shingo ya kabureta pamoja na injini bila kusubiri ikatike. Kwa anayeanza, ambaye hana cha kutegemea isipokuwa kilichomo ndani ya boksi, ningesema asubiri hadi kiwanda kitakapoiandika upya karatasi ile, au atafute mwenzake wa kusimama naye katika tangi nane za mwanzo.